Vigae, stenlesi, alumini au saruji ya kumimina: bitana ipi inaifaa dohani yako?

Koti lililochanika bitana huwezi kulijua kwa kulitazama nje. Dohani nayo ni vivyo hivyo. Matofali yamesimama wima, moshi unatoka juu kama siku zote, kumbe ndani vigae vimepasuka na hewa ya moto inapenya mpaka kwenye mbao za dari. Mwenye nyumba analipia kazi iliyofichwa ukutani, asiyoweza kuiona wala kuigusa, na anayemweleza ubora wake ni yule yule anayemuuzia. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo tulifungue gunia kwanza.

Nitasema bitana; mafundi wengi husema laina, na ni kitu kimoja. Ni njia ya ndani ya dohani, iwe ya udongo, ya chuma au ya saruji, inayoutoa moshi kwenye jiko au meko na kuufikisha nje juu ya paa. Inafanya kazi tatu. Inazuia joto lisizifikie mbao zilizo jirani na matofali. Inayalinda matofali yenyewe na chokaa yake dhidi ya tindikali iliyomo kwenye moshi. Na inaupa moshi tundu lenye upana unaolingana na jiko. Kazi ya tatu ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote, nami nitaikalia muda mrefu zaidi.

Hatari ya dohani tupu si habari mpya. Katika miaka ya 1940, taasisi ya serikali ya Marekani iliyoitwa National Bureau of Standards ilizipima dohani zisizo na bitana, na mbao zilizokuwa jirani na matofali zilishika moto baada ya saa tatu na nusu tu. Uingereza iliingiza sharti la bitana kwenye kanuni zake za ujenzi za mwaka 1965. Nyumba nyingi za kabla ya hapo zina lipu ya chokaa tu ndani ya dohani, na lipu hiyo baada ya miongo kadhaa humomonyoka na kuanguka vipande vipande mekoni.

Unachoma nini?

Swali hili litangulie swali la bei na swali la uimara. Hakuna bitana iliyo bora kwa kila moto, na anayekuambia ipo hajakuuliza unachoma nini.

Kuni hutoa moshi wenye masizi na mvuke wa lami. Mvuke huo ukikutana na ukuta uliopoa chini ya nyuzi 120 za Selsiasi hivi, huganda na kuwa kreosoti: kwanza vumbi jeusi, kisha magamba, mwisho utando mgumu unaong'aa kama kioo cheusi, ambao brashi haiung'oi. Utando huo ukiwaka, ndio moto wa dohani, na joto lake huweza kupita nyuzi 1,000. Bitana ya kuni lazima istahimili siku hiyo moja mbaya, hata kama haitafika kamwe.

Makaa ya mawe yana salfa, na salfa ikikutana na unyevu hugeuka tindikali. Hapa adui si joto bali kutu. Uharibifu mkubwa hutokea jiko likiwa limezimwa kwa miezi, masizi yenye salfa yakiwa yamebaki ndani yananyonya unyevu wa hewa na kuutafuna ukuta wa chuma taratibu. Ndiyo sababu dohani ya makaa husafishwa pale msimu wa moto unapokwisha, isingojee msimu mwingine uanze.

Gesi inaonekana safi, haina masizi ya kutisha, na hapo ndipo watu hujisahau. Mita moja ya ujazo ya methani ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji, yote yakiwa mvuke. Jiko la gesi la kisasa halipotezi joto jingi, kwa hiyo moshi wake hupanda ukiwa umepoa, na mvuke hugeuka maji kabla ya kufika juu. Maji hayo yenye tindikali hafifu huingia kwenye chokaa ya matofali, na baada ya miaka michache ukuta wa chumba cha juu unaanza kutoa madoa ambayo kila mtu anadhani ni paa linavuja.

Vigae vya udongo dhidi ya bomba la stenlesi

Huu ndio ulinganisho ambao wengi wanautafuta, basi nianze nao.

Vigae vya udongo wa kuchoma ndivyo bitana ya asili ya dohani za matofali. Tindikali haivitafuni, kutu havijui, na dohani ikijengwa navyo tangu mwanzo gharama yake ni ndogo. Vikitunzwa, nusu karne si ajabu. Udhaifu wake ni aina mbili. Kwanza, udongo hauvumilii joto la ghafla: uso wa ndani hutanuka haraka huku wa nje ungali baridi, na kigae hupasuka kwa urefu. Moto mmoja wa dohani unatosha kukiharibu. Pili ni viungo. Kigae cha kawaida kina urefu wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo dohani ya mita 9 ina vigae 15 na viungo 14, na kila kiungo ni mahali ambapo saruji inaweza kudondoka na kuacha mwanya.

Tatizo kubwa zaidi huja pale vinapohitaji kubadilishwa. Kuvitoa na kupachika vingine kwenye dohani iliyokwisha kujengwa maana yake ni kutoboa ukuta hapa na pale toka chini hadi juu, kazi ya siku kadhaa na vumbi lisilosemeka. Sijaona sababu ya mtu kujitesa hivyo, isipokuwa kwenye nyumba ya kihistoria ambayo masharti ya uhifadhi yanamlazimisha, au dohani fupi iliyonyooka ambayo kigae kibovu ni kimoja tu, cha juu kabisa.

Bomba la stenlesi huteremshwa kutoka juu ya paa bila kuvunja ukuta, na dohani isiyo na mambo mengi hukamilika kwa siku moja. Halina viungo vya kudondosha saruji. Hupata joto upesi, na dohani inayopata joto upesi huvuta moshi vizuri mapema. Lakini neno stenlesi peke yake ni kama kusema "kitambaa": kipi? Ukipewa makadirio yaliyoandikwa stenlesi bila namba, rudisha karatasi.

Namba za kujua ni tatu. 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Inastahimili joto la kuni kavu, lakini si tindikali kali. 316 imeongezewa asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoiwezesha kupambana na klorini na tindikali. Kwa jiko la kuni, hii ndiyo ningeiweka bila kusita. 904L ina nikeli karibu asilimia 25, molibdeni asilimia 4 hadi 5, na shaba kidogo, imekusudiwa makaa ya mawe na majiko yanayochanganya kuni na makaa. Anayechoma kuni pekee akiuziwa 904L hajadhulumiwa sana, amelipia tu vita asivyopigana. Anayechoma makaa akiwekewa 304, huyo ndiye mwenye hasara, na ataijua baada ya misimu michache tu.

Tukiwa hapo: usichome magogo yaliyookotwa ufukweni. Chumvi yake huleta klorini, na klorini huitoboa hata stenlesi nzuri.

Nyumbufu au ngumu, ngozi moja au mbili

Laina nyumbufu huja imeviringishwa kama mpira wa kumwagilia bustani. Ngumu ni mabomba yaliyonyooka yanayoungwa kipande kwa kipande. Ngumu ni nene zaidi, karibu nusu milimita, wakati ukuta wa nyumbufu ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ngumu ni laini ndani, masizi hayapati pa kushika, na brashi hupita bila kukwama. Kama dohani yako imenyooka, ichukue. Shida ni kwamba dohani nyingi za zamani zimepinda ili kukwepa meko ya ghorofa nyingine, na bomba gumu halipiti kona. Nyumbufu hupita.

Ndani ya nyumbufu kuna uchaguzi mwingine. Ya ngozi moja ina mikunjo ndani na nje. Ya ngozi mbili ina mikunjo nje tu. Ndani ni tambarare, hivyo moshi hupita upesi na usafi ni rahisi. Nchini Uingereza ngozi moja ni ya gesi, na kuni au makaa hudai ngozi mbili. Marekani ngozi moja iliyo nene hutumika hata kwa kuni. Usishangae basi mafundi wawili waliosoma vitabu tofauti wakibishana juu ya paa lako.

Ngozi mbili ina kasoro moja isiyosemwa: ikivutwa kwa nguvu kwenye kona kali, ngozi ya ndani inaweza kuchanika huku ya nje ikionekana nzima. Dawa yake ni kupitisha kamera ndani baada ya kuifunga. Tena ina upande wa juu na wa chini, unaoonyeshwa kwa mshale. Ikigeuzwa, lami inayotiririka huingia kwenye maungio badala ya kuteremka juu yake.

Saruji ya kumimina

Hapa puto refu la mpira huingizwa ndani ya dohani, likajazwa hewa, kisha mchanganyiko maalumu wa saruji unaohimili joto humiminwa kulizunguka. Ikishika, puto hutolewa na kubaki tundu la mviringo lisilo na kiungo hata kimoja.

Sifa yake ambayo chuma hakina ni kwamba inaishika dohani mbovu. Matofali yaliyolegea hupata kitu cha kuegemea, na saruji hiyo hudumu pamoja na jengo lenyewe. Kama dohani yako ni ndefu, ya zamani, imepindapinda, na mkaguzi amekwambia kuta zake zimechoka, huu ndio ushindani wa kweli dhidi ya stenlesi.

Hata hivyo haina njia ya kurudi: saruji ikishamiminwa, imemiminwa. Puto likiegemea upande mmoja kwenye kona, upande huo hubaki na ganda jembamba. Ukuta unaotenganisha dohani mbili ukiwa na mwanya, saruji huvujia upande wa jirani na kuiziba dohani nzima ya pili. Inakula nafasi pia. Kwa hiyo hapa unamnunua fundi kuliko unavyonunua bidhaa. Kama aliyekuja hajawahi kuifanya kazi hii mara nyingi, chukua bomba la stenlesi hata kama saruji ingekufaa zaidi.

Zilizobaki, kwa ufupi

Alumini ni nafuu na nyepesi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ni ya majiko ya gesi ya kawaida tu, kamwe si ya kuni, makaa wala mafuta. Mahali inapofaa hasa ni pale boila kubwa, yaani mtambo wa kuchemshia maji ya kupasha nyumba joto, ilipoondolewa na kubaki hita ya maji ya gesi peke yake kwenye dohani pana. Moshi kidogo wa hita hauwezi kuipasha joto dohani yote ile, na bitana nyembamba ya alumini hutatua hilo.

Boila za gesi zinazougeuza mvuke wake kuwa maji zenyewe zina moshi baridi kiasi kwamba hutumia mabomba ya plastiki maalumu. Ukibadilisha boila kwenda aina hiyo, bitana yako ya zamani si yake tena, hata iwe nzima namna gani.

Kupaka upya, yaani kuziba viungo na nyufa za vigae kwa chokaa ya seramiki, kunafaa kama vigae vipo mahali pake na kasoro ni ndogo. Kama vimehama au vimedondoka, kupaka ni kuficha.

Upana, ambao huamua zaidi ya chuma

Niseme wazi: bitana ya chuma cha wastani yenye upana sahihi huishinda bitana ya chuma bora yenye upana usio sahihi. Tuchukue mfano. Jiko la kuni lenye mdomo wa kutolea moshi wa kipenyo cha sentimita 15 lina tundu la sentimita za mraba 177. Meko ya zamani yenye dohani ya sentimita 30 kwa 30 ina 900. Moshi ukitoka kwenye jiko na kuingia humo unajikuta kwenye nafasi kubwa mara tano. Unatanuka, unapunguza mwendo, unapoa, na kreosoti inaganda. Kiwango cha Marekani, NFPA 211, kinataka tundu la dohani lisizidi mara tatu ya mdomo wa jiko dohani ikiwa ndani ya nyumba, na mara mbili ikiwa na ukuta ulio wazi kwa nje, kwa kuwa huo hupoa zaidi. Dohani ya mfano wetu imeshindwa yote mawili.

Hapa ndipo hutoka ule ufanisi ambao wauzaji wa bitana huutangaza. Bitana haichomi kuni vizuri zaidi. Inaufanya moshi upande kwa kasi inayotakiwa, ili jiko lipate hewa ambayo mtengenezaji alilipimia. Na upana ukipungua mno nao ni balaa: moshi hurudi chumbani kila mlango wa jiko unapofunguliwa. Usikubali bitana nyembamba kuliko mdomo wa jiko kwa sababu tu "ndiyo inayopita".

Pamoja na upana kuna kihami joto. Ni blanketi la nyuzi za seramiki, unene wa milimita 12 hivi, linalozungushiwa bomba kabla ya kuteremshwa, au mchanganyiko wa vemikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto) unaomwagwa kati ya bomba na matofali. Linafanya mambo mawili kwa mpigo: moshi haupoi, na mbao haziungui. Ndilo huachwa kwanza fundi anapotaka kupunguza bei. Kwenye dohani ya nje, na kwenye dohani yoyote ya kuni ambayo matofali yake yanagusana na mbao, mimi ningepunguza kitu kingine chochote kabla ya hilo. Mara nyingine vigae vya zamani huvunjwa na kutolewa ili blanketi lipate nafasi. Gharama inapanda, lakini sababu ni ya kweli.

Wapo pia wanaopendekeza kipande kifupi cha bomba kutoka kwenye jiko hadi kigae cha kwanza, badala ya kufika juu. Ni nafuu. Lakini tatizo la upana linabaki pale pale, na kreosoti huanguka nyuma ya kipande hicho mahali ambapo brashi haifiki mpaka jiko litolewe.

Fundi wa kweli na wa kubahatisha

Wa kubahatisha hutoa bei kwa simu. Wa kweli hupitisha kamera kwanza. NFPA 211 inataka ukaguzi wa aina hiyo kila jiko au nishati inapobadilishwa, nyumba inapouzwa, na baada ya moto wa dohani. Wa kweli husafisha hadi tofali kabla ya kuteremsha bomba. Kreosoti iliyoachwa nyuma ya bitana mpya ni kuni zilizopangwa zikisubiri kiberiti. Hawezi kuunganisha majiko mawili ya kuni kwenye bitana moja. Juu huweka bamba linalofunika mdomo wa dohani, pamoja na kofia ya kuzuia mvua na ndege. Chini hufunga kiungo chenye mlango wa kutolea masizi. Kisha hufanya jaribio la moshi ukiwa umesimama hapo.

Muulize bidhaa yake imepimwa kwa kiwango gani. Marekani utasikia UL 1777. Ulaya, EN 1856-2 kwa chuma na EN 1457 kwa udongo. Asiyejua jibu hajasoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Na kabla hujamwita, fanya jaribio moja la bure: kama jiko linarudisha moshi, fungua dirisha la chumba hicho. Moshi ukitulia, nyumba yako inakosa hewa ya kuingia, pengine feni ya jikoni inainyonya yote, na hakuna bitana itakayoponya hilo.

Kuifunga mwenyewe? Laina nyumbufu huuzwa kwa yeyote, na kazi yenyewe inaonekana nyepesi. Lakini kosa lake halionekani kwa macho. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kinachofaa ni kengele ya gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, hata kama aliyefunga bitana ni fundi bora kuliko wote.

Kazi ikiisha, usimwachie fundi aondoke kabla hajaacha kibao au karatasi karibu na jiko: aina ya bitana, namba ya chuma, kipenyo, nishati iliyokusudiwa, tarehe. Andika pembeni kwa kalamu kwamba isafishwe kwa brashi ya plastiki ngumu, si ya waya wa chuma wa kawaida, maana chembe za waya hubaki ukutani na kuanza kutu. Atakayekuja kubadilisha jiko miaka kumi ijayo ataanzia kwenye kibao hicho.